Mto Uliopumzika Jumapili

Zuhura alinipigia simu saa mbili asubuhi kuniambia kwamba baba yake amefariki alfajiri, na kwamba watamzika siku hiyohiyo baada ya swala ya alasiri. Hakulia. Alisema tu, "Dada Vestina, ukuje mapema. Watu watakuwa mingi na ku wanawake mi niko peke yangu." Nikafunga kitambaa kichwani, nikajitazama kwenye kioo, nikakifungua, nikafunga kingine kisicho na maua. Pikipiki ilinipandisha kutoka mjini Gisenyi hadi Mahoko, na njia nzima nilikuwa nikijiambia kwamba ninakwenda kwenye msiba wa mzee mmoja niliyewahi kupanga kwake. Hivyo ndivyo nilivyomtaja hata kwa mume wangu miaka yote hii: mzee niliyewahi kupanga kwake. Ni kweli tupu. Maishani nimekuwa hodari sana wa kusema mambo yaliyo kweli.

Sebule ni ileile. Makochi yametolewa nje, mikeka imetandikwa, na pale ilipokuwa cherehani ya Mama Zuhura, aliyemtangulia mumewe miaka kadhaa iliyopita, sasa pana kabati la vyombo. Wanawake walinisogezea nafasi ukutani bila kuuliza mimi ni Mkristo wa wapi. Mlango wa chumba nilichopanga ulikuwa mbele yangu, umefungwa, kwa sababu humo ndimo wanaume walikuwa wakimwosha. Nilikaa nikiutazama saa nyingi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne nilipolala humo, na kazi ya majaribio ya mwaka mmoja katika ofisi iliyokuwa ikipima mito ya sehemu zetu. Ya kwetu Karagwe, na jinsi tulivyorudi Rwanda, si ya hadithi hii. Itoshe kusema nilikuja na Kiswahili cha shule za Tanzania, ambacho watu wa Mahoko walikiona kama nguo ya sikukuu iliyovaliwa siku ya kazi, na nilikuja na imani kubwa kwamba mtu aliyesoma hisabati hawezi kudanganywa na mtu asiyesoma.

Kazi yenyewe ilihusu mto mdogo unaoshuka kutoka vilimani na kumwaga maji yake katika mto Sebeya. Watu waliuita Kagezi, yaani kamto tu, kana kwamba haukustahili jina. Kulikuwa na mpango wa kuchota maji yake kwa bomba na kuyapeleka vijiji vya chini, na kabla ya kujenga, ofisi ilitaka kujua jambo moja: kiangazi kikikaza, maji yake hushuka mpaka wapi? Na mwaka ule kiangazi kilikaza kweli. Vumbi la barabara liliingia mpaka kwenye chumvi. Aliyekuwa na jibu la ofisi ni Mzee Haruna, baba yake Zuhura. Ujanani alikuwa utingo wa malori ya Goma, mgongo ulipomkataa akapata kazi ya kusoma eshele. Eshele ni bamba refu jeupe lenye alama za sentimita, limesimikwa majini kando ya daraja. Msomaji huenda saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, hutazama maji yamefika alama gani, huandika kwenye daftari. Basi. Ni kazi ambayo kila mtu anaiweza na wengi huiharibu, maana hakuna anayemwona msomaji, na siku homa ikipanda ni rahisi kukaa nyumbani ukabuni namba. Ofisini tulikuwa na jina la namba hizo. Tuliziita namba za jikoni.

Chumba changu kilikuwa na kitanda cha mbao, dirisha la vioo viwili kimoja kikiwa kadibodi, na msumari wa kutundikia mabuti marefu niliyoyavaa kila mwisho wa mwezi nilipoingia mtoni kupima kasi ya maji. Ukuta uliokitenga na sebule haukufika darini, kwa hiyo nilisikia kila kitu: cherehani, redio, Mama Zuhura akimsuta mwanawe Idi kwa Kiswahili cha Goma, na kila alfajiri Mzee Haruna akisukutua mdomo uani, akiswali, kisha kandambili zake zikielekea getini. Nilikuwa nageukia upande wa pili na kulala tena. Jioni tulikula pamoja, bugali na mboga ya lengalenga, na sambaza, dagaa wa ziwani, za kukaanga kila mara mwanamke fulani wa Rubona alipopita na beseni lake. Ijumaa ilikuwa pilau. Mezani Mzee alikuwa akisimulia habari za mto jinsi wengine wanavyosimulia habari za jirani.

"Hii maji iko na ujinga," alisema jioni moja ya Julai. "Asubuhi iko pale, mangaribi imekimbia. Kesho asubuhi utaona imerudi. Mi sijaonaka maji ya namna hii."

"Kama inaondoka muchana na kurudi usiku," mkewe akasema huku akimegea watoto bugali, "iko na bibi ya pili huko juu."

Zuhura alicheka hadi mwiba wa samaki ukamkwama, tukampiga mgongoni. Nami nilicheka. Mama Zuhura, ambaye hakuwahi kukanyaga kwenye eshele, alikuwa ametuambia mahali pa kutafuta, na mimi niliyelipwa kutafuta nikaomba niongezewe mboga.

Wiki ile ofisini nilichora mchoro wa namba zake, kwa penseli na rula, kwenye karatasi ya miraba. Mto wa kiangazi hushuka polepole, siku hadi siku, kwa mstari laini. Wa Mzee Haruna ulikuwa na meno kama msumeno: juu asubuhi, chini jioni, juu, chini, Jumatatu mpaka Jumamosi. Kisha nikaona jambo lililonifanya niinuke kitini. Kila Jumapili meno yalikoma. Jumapili asubuhi na jioni ilikuwa namba moja. Nikajua, au nilidhani nimejua, kwamba Jumapili mzee habanduki nyumbani, ananakili namba ya asubuhi, na kwamba siku nyingine anacheza tu na namba ili zionekane zimetembea. Ninakumbuka furaha niliyoipata. Ilikuwa furaha ya kitoto ya kumkamata mtu mzima. Nikampelekea bosi wetu, Bwana Fred, aliyekulia Uganda, mtu mwema ila mwenye haraka. Aliutazama mchoro, akaniambia, "Good work, Vestina. Hizi ni za jikoni kabisa." Nikamjibu kwamba njia ya mwongo ni fupi. Ndiyo, mimi ndiye niliyesema hivyo, na kwa lafudhi nzuri.

Bwana Fred alikuja nyumbani siku ya Jumatano mchana. Mama Zuhura, aliyedhani mgeni amekuja kumwona mpangaji wake, alileta chai ya tangawizi na mandazi aliyoyaagiza dukani. Bwana Fred alikunywa nusu kikombe, kisha akaomba daftari, akalifungua kwenye goti lake.

"Mzee, Jumapili unafanya nini?"

"Nakwendaka mutoni, kama siku yote."

"Lakini hapa siku zote maji yanashuka jioni, ila Jumapili hayashuki. Mto unajua leo ni Jumapili?"

"Kama inajua ao haijui, mi siwezi kukuambia. Mi naandika yenye naona."

"Au Jumapili unapumzika, Mzee? Sema tu. Hata mimi napumzika."

Mzee Haruna akaweka kikombe chini. Hakuwa amekasirika bado. Alikuwa na sura ya mtu anayemweleza mtoto njia. "Bwana mukubwa, mi ni Muislamu. Kama ningekuwa muvivu, ningelala Ijumaa. Jumapili ni siku ya wenzangu, si yangu. Angalia Ijumaa ku daftari. Iko yote, asubuhi na mangaribi."

Hapo ndipo tulipopaswa kunyamaza, Bwana Fred na mimi, tukafikiri. Mwislamu gani anabuni namba zinazopumzika Jumapili? Kama namba zile zilikuwa na dini, haikuwa ya aliyeziandika. Ilikuwa ya mtu mwingine, mahali pengine mtoni. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi na kila mara naona jinsi lilivyokuwa wazi, jeupe, limekaa kati yetu na mandazi. Lakini Bwana Fred alikuwa na safari ya Musanze, na mimi nilikuwa na mchoro wangu niliosifiwa.

Akanigeukia. "Wewe unaishi humu. Umewahi kumwona akienda mtoni kila siku?"

Nilikuwa nimeishi humo miezi mitano. Niliijua sauti ya geti lile saa kumi na moja na nusu kuliko sauti ya mama yangu. Nilikuwa nimeona pindo za suruali yake zikidondosha maji kwenye kamba ya uani, Jumapili pia, nilipokuwa nikitoka kwenda kanisani. Lakini nilikuwa katika majaribio, nilikuwa nakula kwao, na niliogopa bosi asije akasema ninamtetea mwenye nyumba wangu. Zaidi ya hofu kulikuwa na kiburi: sikutaka mchoro wangu uwe na kosa. Nikasema, "Sijawahi kumwona kwa macho yangu akiwa pale kwenye eshele."

Ilikuwa kweli. Mzee Haruna alinitazama kwa muda, bila chuki, kama anayesubiri mtu amalize sentensi. Sikuimaliza. Idi alikuwa mlangoni, Zuhura amekaa chini na vifungo vya kushona mapajani, na wote wawili walikuwa wakinitazama. Mzee akasema, "Bon," yaani haya basi, akafunga daftari lililokuwa kwenye goti la mgeni, akamkabidhi kwa mikono miwili. Bwana Fred akamwambia, kwa sauti iliyofika uani, kwamba namba zake ni za jikoni na kazi imekwisha. Kufika jioni sokoni Mahoko walikuwa wameshapata la kusema. Walimwita Haruna wa Jikoni. Wengine walikuwa wanatania tu, lakini utani wa sokoni hauchagui siku, na mtu aliyepanda malori miaka ishirini bila kuitwa mwizi alianza kupita njia ya nyuma kwenda msikitini.

Ofisi ilizifuta namba zake zote za jioni, ikaacha za asubuhi, zilizoonekana nzuri, na kwa hizo ikaandika kwamba maji ya Kagezi yanatosha hata kiangazini. Mimi nilipewa kazi ya kusoma eshele kwa muda, mpaka apatikane msomaji mwingine. Nikaanza kuamka saa kumi na moja. Siku ya kwanza, asubuhi maji yalikuwa kwenye alama yake, jioni yalikuwa yameshuka vidole vitano. Nikadhani nimekosea, nikachutama mpaka sketi ikalowa. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu vilevile. Jumapili nilitoka kanisani nikaenda moja kwa moja darajani, nikarudi tena jioni, na maji hayakuwa yamesogea hata unywele. Nikaandika namba ileile mara mbili, kama alivyokuwa akiiandika Mzee Haruna.

Jumatatu nikaufuata mto kwenda juu. Baada ya mwendo wa saa moja na nusu nilifika kwenye bonde la wafyatua matofali. Kiangazi ndio msimu wao. Tofali halikauki wakati wa mvua. Walikuwa wamelaza migomba na magunia ya udongo kukatisha Kagezi, na maji mengi yakageukia kwenye mashimo yao ya udongo, wanaume kumi na kitu wakikanyagakanyaga humo hadi magotini. Msimamizi wao alikuwa kijana mchangamfu aliyenipa tofali la kukalia. Nikamuuliza kama wanafunga maji siku zote. "Asubuhi tunafunga, jioni tunafungua, ili watu ya chini nao wapate," alisema, akijivunia ustaarabu wao. Na Jumapili? Akanishangaa. "Jumapili, Dada? Si tunakuwaka kanisani."

Siwezi kudai kwamba sikujua la kufanya. Nilijua. Nilikwenda kwa Bwana Fred kesho yake nikamweleza yote, na alisikiliza vizuri, nikampenda kwa hilo, kisha akasema ripoti imeshasainiwa na imekwenda, na kwamba yule mzee lazima ameshapata shughuli nyingine, na kwamba barua yangu ya ajira ya kudumu iko mezani kwake inasubiri sahihi. Hakunitishia. Aliyasema matatu hayo kwa pumzi moja, jinsi mtu anavyotaja vitu vya kununua sokoni, akaniacha nichague. Wiki ile nikapokea barua. Mwisho wa mwezi nikahamia mjini, na Mama Zuhura akanifungia mandazi kwenye gazeti. Tangu Jumatano ile hakuwahi kunipunguzia chakula wala kuzungumza nami zaidi ya salamu. Wanasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Yangu hayakuwa mjukuu. Yalizaliwa siku ileile bondeni na nikayaficha kama msichana anavyoficha mimba, nikijifunga khanga juu ya khanga.

Bomba lilijengwa. Mpaka leo, Julai na Agosti, mabomba ya vijiji vile hukauka mchana na wanawake husubiri na madumu, isipokuwa Jumapili, ambapo maji hutoka kutwa nzima. Watu wamezoea. Wanafua Jumapili na wanasema ni baraka. Mimi nilipanda cheo, nikafundisha vijana kusoma mito, na kila mwaka nimewaambia wasimdharau msomaji wa eshele, nikiwatolea mfano wa mzee mmoja bila kumtaja jina wala kutaja aliyemharibia. Walipenda sana mfano huo. Mzee Haruna mwenyewe alikuwa amepata kona karibu na soko, akishona viatu na kutengeneza miavuli. Kazi zangu zilinipitisha Mahoko kila wiki. Mara nyingine nilisimama, mara nyingi nilipunga mkono dirishani. Hata nilipokuwa na mume na watoto wawili bado aliniita Mademoiselle, binti asiyeolewa, na swali lake halikubadilika. "Mademoiselle, Kagezi iko namna gani?" Nami nikamjibu, "Iko, Mzee." Nilikuwa na mwavuli mzima niliouvunja ubavu kwa makusudi ili nipate sababu ya kukaa kwenye benchi lake niseme. Aliutengeneza upesi mno. Nikamshukuru, nikaondoka.

Kabla ya alasiri mlango wa chumba ulifunguliwa, wakamtoa akiwa amevikwa sanda nyeupe, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Wanaume waliinuka uani. Sisi wanawake tulibaki sebuleni, tukasikia Idi, ambaye sasa ana mvi, akisimama kizingitini kusema yale ambayo familia husema kabla maiti haijaondoka nyumbani. "Baba yetu ameishi na ninyi miaka mingi. Kama kuna mutu alimukosea, kwa neno ao kwa kitendo, tunamuombea musamaha. Mumusamehe."

"Tumemusamehe," watu wakaitikia, ndani na nje.

Nami nikaitikia. Mdomo ulifunguka pamoja na midomo ya wengine, na sauti ikatoka safi. Kisha wakainua jeneza, takbira zikaanza kupanda mlima, na nyumba ikabaki na wanawake. Zuhura akaja kukaa karibu nami, akachukua mkono wangu akauweka kati ya mikono yake miwili.

"Aksanti, Dada. Nilikusikia ukiitikia," alisema. "Mzee alikuwa anaogopa sana juu yako. Hii miaka ya mwisho alianza kusema labda macho yake ilimudanganya. Labda kweli hakusoma muzuri, akakuharibia kazi yako mbele ya mukubwa. Alisema, Vestina akikuja kunizika, basi amenisamehe."

Nilimwambia. Nilimwambia pale pale, kwa sauti ya chini, mkono wangu ukiwa bado kwenye mikono yake: kwamba macho ya baba yake hayakumdanganya hata siku moja, kwamba kila namba ilikuwa kweli, kwamba nililiona lile bonde la matofali na migomba iliyolazwa na nikaambiwa kuhusu Jumapili. Alinisikiliza hadi mwisho. Swali lake lilikuwa moja tu.

"Ulijua lini?"

"Mwezi uleule."

Takbira zilikuwa zimefika mbali, huko juu kwenye makaburi. Zuhura aligeuza uso kuelekea zilikotoka, akazisikiliza mpaka hazikusikika tena, kisha akaniachia mkono.

"Alikuwa pale ku kona miaka yote, Dada," alisema. "Ulikuwa unapita kila wiki."

Nikasema ndiyo, nilikuwa ninapita.